Chapati, vifuniko vya soda au mstari wa namba: mtoto afundishwe sehemu kwa kipi?

Mwalimu akiandika 3/4 ubaoni kwa mara ya kwanza, kinachofuata karibu kila mara ni duara. Duara linakatwa vipande vinne, vitatu vinapakwa chaki, darasa zima linaitikia "robo tatu!" na kipindi kinakwisha kwa amani. Shida inajitokeza baadaye sana. Mtoto yuleyule anaulizwa kipi kikubwa kati ya 3/4 na 5/4, naye anajibu bila wasiwasi kwamba 5/4 haipo, kwa sababu chapati iliyokatwa vipande vinne haiwezi kutoa vipande vitano. Ukimsikiliza vizuri utaona hajakosea kufikiri. Amefuata chapati aliyopewa hadi mwisho wake.

Vifaa ambavyo mwalimu au mzazi anaweza kuchagua kati yake ni vinne hasa: duara, kundi la vitu (vifuniko vya soda, maharage, kokoto), ukanda wa karatasi, na mstari wa namba. Kila kimoja kina jambo kinalolifundisha kuliko vingine, na kila kimoja kina kosa linalozaliwa nacho. Nauweka msimamo wangu mezani mapema ili usome ukijua ninakoelekea: kama utabaki na kimoja tu, baki na mstari wa namba. Ila usianze nao siku ya kwanza, na lipo somo moja ambalo mstari haulifai kabisa.

Duara

Faida ya duara ni kwamba kitu kizima kinaonekana hata baada ya kukatwa. Ukiondoa kipande kimoja, pengo lake linaonyesha ulichoondoa. Mtoto wa miaka sita ambaye amewahi kugawana chungwa na nduguye anajua tayari maana ya kugawana sawa, na anajua zaidi pale alipopunjwa. Kwa hiyo nusu na robo zinaingia bila jasho. Kwa wiki ya kwanza sioni kifaa kinachoshinda chapati.

Baada ya nusu na robo, duara linaanza kuchosha. Mpe mtoto duara alikate thuluthi: wengi watachora mistari miwili ya kusimama, na kipande cha katikati kitakuwa kikubwa kuliko vya pembeni. Tano ni mbaya zaidi, maana hata mwalimu mwenyewe hawezi kuchora sehemu tano sawa ubaoni bila kupima nyuzi 72 kila kipande. Kisha vipande visivyo sawa vikishazoeleka, neno "sawa" linapotea kwenye maana ya sehemu, na hapo umepoteza msingi wenyewe.

Kulinganisha nako kunasumbua. Chora 7/8 kwenye duara moja na 5/6 kwenye jingine, uwaulize watoto lipi limebeba zaidi. Maduara yote mawili yanaonekana karibu kujaa, na kama moja umelichora kubwa kidogo, jibu litafuata ukubwa wa mchoro.

Halafu kuna kile kikomo cha 1. Ili uonyeshe 5/4 lazima ulete chapati ya pili, uikate nne, upake kipande kimoja. Sasa mtoto ana vipande vinane mbele yake, vitano vimepakwa rangi. Anaandika 5/8. Kosa hili utalikuta katika darasa lolote lililofundishwa kwa maduara peke yake, na kulirekebisha kwa maduara zaidi ni kazi bure.

Vifuniko vya soda

Havina gharama. Ukiwaagiza watoto Ijumaa, Jumatatu una ndoo nzima. Vinafaa hasa kwa swali la sehemu ya kiasi fulani: robo ya vifuniko 12 ni 3, thuluthi mbili za vifuniko 12 ni 8, na kutoka hapo unaruka hadi robo ya shilingi 2,000 bila kubadilisha wazo. Maswali mengi ya mafumbo kwenye mitihani ni ya namna hii, na biashara ya sokoni vilevile. Mtoto asiyepitia vifuniko ataijua robo kama umbo, lakini ukimwambia "toa robo ya hela hii" atakutazama tu.

Lakini vifuniko vina mtego ambao wengi hatuutambui, nao ndio unaowaharibia watoto kujumlisha. Chukua mpiga penalti. Leo kapiga 2, kafunga 1. Kesho yake kapiga 3, kafunga 2. Kwa jumla amefunga 3 kati ya 5, na hakuna wa kubisha. Sasa andika 1/2 + 2/3 ubaoni. Mtoto aliyezoea makundi ya vitu anafanya vilevile: kiasi (namba ya juu) kwa kiasi, asili (namba ya chini) kwa asili, anapata 3/5. Ukimpa vifuniko athibitishe, vitamuunga mkono! Atapanga viwili ageuze kimoja, atapanga vitatu ageuze viwili, atasogeza vyote pamoja, atahesabu: vitano, vitatu vimegeuzwa. Umemfunga wewe mwenyewe kwa kifaa ulichompa.

Unaweza kumwambia "ni makosa, tafuta KDS" (kigawe kidogo cha shirika, ili namba za chini zilingane), naye atatii. Atatafuta KDS kwa kuogopa fimbo, si kwa kuona. Nitarudi kwenye swali hilihili nikifika kwenye mstari.

Ukanda wa karatasi

Huu ndio daraja kati ya chapati na mstari, na kwa maoni yangu haupewi heshima yake. Karatasi ndefu nyembamba, yenye upana wa vidole viwili hivi, inakunjwa mara moja unapata nusu, mara mbili robo, mara tatu 1/8. Hakuna rula. Vipande vinatoka sawa kwa sababu mkunjo wenyewe hausemi uongo, na mtoto anajua vimetoka wapi kwa kuwa amevikunja kwa mkono wake. Panga kanda tatu moja chini ya nyingine na 1/2, 2/4 na 4/8 zinakaa zimelingana bila wewe kusema kitu.

Wanaouacha ukanda hulalamika kwamba thuluthi na tano hazikunjiki. Thuluthi zinakunjika ukifanya kama unakunja barua ya kuingia kwenye bahasha, ingawa inataka subira. Kwa tano ipo njia nzuri zaidi, nayo iko ndani ya daftari la kawaida la mistari. Kata ukanda wa sentimita 12 hivi. Weka ncha yake moja juu ya mstari wowote wa daftari. Kutoka mstari huo hesabu kwenda chini kwa kuruka, miwili-miwili, mpaka uwe umeruka mara tano. Yaani umefika mstari wa kumi. Sasa uinamishe ukanda mpaka ncha ya pili iguse mstari huo. Pale ambapo ukanda unakatiza kila mstari wa pili, weka alama kwa penseli. Alama ni nne, vipande ni vitano, na vyote viko sawa, kwa sababu mistari ya daftari imeachana kwa nafasi ileile na ukanda unaikatiza yote kwa mwinamo uleule. Ukitaka saba, ruka mara saba. Ukiona mistari imezidi urefu wa ukanda, hesabu mmoja-mmoja badala ya miwili. Watoto hupenda kazi hii kuliko kuchora, na mwalimu anapata kanda sahihi za darasa zima kwa kipindi kimoja.

Udhaifu wa ukanda ni uleule wa chapati, kwa kiasi kidogo: bado ni kitu kinachokatwa, na bado 1 ni mwisho wake. Ila udhaifu huu unatibika kwa hatua moja. Lalisha ukanda kwenye daftari, andika 0 kwenye ncha ya kushoto na 1 kwenye ncha ya kulia, hamishia alama za mikunjo chini yake, kisha ondoa karatasi. Kilichobaki ni mstari wa namba.

Mstari wa namba

Kwenye chapati, 3/4 ni vipande. Kwenye mstari, 3/4 ni namba moja yenye mahali pake, kati ya 0 na 1, kama vile 7 ilivyo na mahali pake kati ya 6 na 8. Tofauti hiyo inaonekana ndogo ukiisoma, lakini ndiyo inayotenganisha mtoto anayeona namba mbili zilizopandana na yule anayeona kiasi kimoja.

Kuna swali moja maarufu linaloonyesha gharama ya kukosa jambo hili. Mwaka 1978, katika upimaji wa kitaifa wa Marekani, watoto wa miaka 13 waliulizwa wakadirie 12/13 + 7/8, bila kukokotoa. Majibu ya kuchagua yalikuwa 1, 2, 19 na 21. Waliochagua 2 walikuwa asilimia 24. Zaidi ya nusu walichagua 19 au 21, yaani walijumlisha namba za juu au za chini. Hawa walikuwa wamesoma kujumlisha sehemu, wengi wao kwa KDS na yote. Kilichokosekana ni picha: 12/13 imebakiza kidogo sana ifike 1, na 7/8 nayo vilevile, kwa hiyo jumla yao lazima iwe pungufu kidogo ya 2. Mtoto aliyewahi kuziweka sehemu hizo mbili kwenye mstari hahitaji hata penseli.

Haishangazi basi kwamba Wamarekani walibadilika. Mwongozo wa kufundisha sehemu uliotolewa na Idara yao ya Elimu mwaka 2010, uliotayarishwa na jopo chini ya mtafiti Robert Siegler, unataka mstari wa namba uwe kifaa cha msingi tangu madarasa ya mwanzo. Siegler na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2012 uliotumia takwimu za Uingereza na Marekani, wakaonyesha kwamba uelewa wa sehemu na kugawanya alionao mtoto wa miaka 10 unatabiri matokeo yake ya aljebra akiwa sekondari, hata ukiondoa tofauti za akili na za kipato cha nyumbani.

Turudi kwa penalti. Chukua daftari la hesabu lenye vijisanduku. Chora mstari, weka 0, hesabu vijisanduku 12, weka 1, hesabu vingine 12, weka 2. (Nachagua 12 makusudi: nusu, thuluthi, robo na 1/6 zote zinaangukia kwenye ukingo wa kijisanduku. Ukitaka tano, tumia 10 au 20.) Sasa 1/2 ni vijisanduku 6. Kutoka hapo ruka 2/3, ambayo ni 8. Umetua kwenye kijisanduku cha 14, viwili mbele ya 1, yaani 1 na 1/6. Kisha mwulize mtoto lile jibu lake la 3/5 liko wapi. Atalitafuta, atalikuta mahali fulani kati ya kijisanduku cha 7 na cha 8, nyuma hata ya 2/3 aliyoiongeza. Ameongeza kitu, akarudi nyuma. Huhitaji kumwambia amekosea, mstari umemwonyesha. Na hapo KDS inapata maana, maana atauliza mwenyewe kwa nini ulichagua vijisanduku 12.

Mambo mengine yanafuata kwa wepesi. 5/4 inapita 1 kwa hatua moja ya robo na kuendelea na safari. 7/8 na 5/6 zinalinganishwa kwa kutazama kilichobaki kufika 1: moja imebakiza 1/8, nyingine 1/6, na 1/8 ni pengo dogo, kwa hiyo 7/8 iko mbele. Desimali hazihitaji somo jipya, kwani kwenye mita moja ya futikamba 3/4 inasimama palepale penye sentimita 75, na hiyo ndiyo 0.75. Kugawanya 2 kwa 1/4 ni kuhesabu hatua za robo kutoka 0 hadi 2, nazo ni 8.

Mzazi asiye na ubao anayo tepu ya fundi cherehani. Upande wa inchi, tepu nyingi zimegawa kila inchi vipande 8. Mwambie mtoto apime kiganja chake, mkono wa shati, upana wa meza, ataje "inchi mbili na robo tatu" kwa kugusa alama yenyewe. Fundi anayekata kitambaa hafikirii chapati hata siku moja, anasoma mstari.

Makosa yanayozaliwa na mstari

Mstari nao una yake, na mwalimu asiyeyajua atadhani watoto wameshindwa somo.

La kwanza ni kuhesabu alama badala ya nafasi. Mwambie mtoto agawe 0 hadi 1 kwa robo, atachora vialama vinne katikati, kisha atashangaa kuona nafasi ni tano. Alichochora ni tano, siyo robo. Dawa yake ni kuhesabu kwa kuruka: kidole kinaruka kutoka 0, na kila mruko unatajwa, "robo moja, robo mbili, robo tatu, robo nne". Kinachohesabiwa ni mruko. Ukianza kwa kutaja alama, hata ile ya 0 itahesabiwa na kila jibu litakuwa limezidi moja.

La pili ni zito zaidi. Chora mstari wa 0 hadi 2, mwambie mtoto aweke 1/2. Wengi wanaiweka katikati ya mstari mzima, pale panapostahili 1. Kwao mstari ni chapati iliyonyooshwa, na nusu ni nusu ya kinachoonekana. Kosa hili linatunzwa na sisi wenyewe tunapochora kila siku mstari unaoishia 1. Ukitundika kamba darasani kutoka dirishani hadi mlangoni, na watoto wakabana karatasi za sehemu kwa vibanio vya nguo, usiache 1 ikae mwisho wa kamba kila siku. Siku moja iwe mwisho, siku nyingine iwe katikati, siku nyingine robo ya njia. Waache wabishane kila inapohama. Kelele hizo zina faida kuliko ukimya wa kunakili.

Kwa darasa la watoto mia na kitu, kamba ina tatizo la wazi: wanaoshika karatasi ni wachache, wengine wanatazama. Vijisanduku vya daftari vinamfikia kila mmoja. Mimi ningetumia kamba kuanzisha ubishi na daftari kuumaliza.

Pale mstari usipofaa

Kuzidisha sehemu kwa sehemu. Jaribu kuonyesha 3/4 ya 2/3 kwenye mstari: unachora thuluthi mbili, kisha unagawa umbali huo mara nne, unachukua tatu, halafu unatafuta jina la mahali ulipotua. Inawezekana, lakini mtoto atakuwa amepotea kabla hujafika. Chukua karatasi ya mstatili badala yake. Ikunje thuluthi kwa wima, paka rangi mbili kati ya tatu. Igeuze, ikunje robo kwa mlalo, chora mistari ya ulalo tofauti kwenye robo tatu. Ifungue: visanduku 12, na 6 vimeguswa mara mbili. Jibu ni 6/12, yaani nusu, na sababu ya kuzidisha juu kwa juu na chini kwa chini inaonekana kwa macho. Hapa mstatili unashinda bila ubishi, na anayelazimisha mstari anafanya ushabiki.

Uanze na kipi, umalize na kipi

Mtoto ambaye hajawahi kusikia neno robo, mpe chapati au chungwa kwa siku chache, nusu na robo tu. Usichore tano wala saba kwenye duara, zisubiri. Nenda kwenye ukanda, mkunjo kwa mkunjo, kisha ugeuze ukanda kuwa mstari mapema kabla mazoea ya "vipande" hayajakauka. Kuanzia hapo mstari ubebe kulinganisha, sehemu zilizo sawa, zile zinazozidi 1, kujumlisha, kutoa na desimali. Vifuniko vilete unapofika kwenye robo ya shilingi na thuluthi ya wanafunzi, na uvirudishe kwenye ndoo siku ya kujumlisha. Mstatili uje kwa kuzidisha.

Kwa mtoto aliyekwisha pita madarasa kadhaa na hujui amesimama wapi, usimpe mtihani. Chora mstari mmoja, 0 upande huu na 2 upande ule, katikati pasiwe na kitu. Mwambie aweke 1/2. Akiiweka katikati, mrudishe kwenye ukanda na umwulize 1 iko wapi kabla ya kuuliza nusu. Akiiweka karibu na 0 kwa kubahatisha, mwambie aonyeshe kwa kuruka. Akiiweka mahali pake, mpe 5/4, halafu 7/8 na 5/6 kwa pamoja. Akisita kwenye 5/4, tatizo ni chapati. Akizibadilisha 7/8 na 5/6, mwache kwanza aeleze kila moja imebakiza ngapi kufika 1, kabla hujamgusia KDS.